Ofisi Gani Ni Yetu? Jinsi Nchi Inavyogawanywa na Mahali pa Kupeleka Shida ya Kijiji

Katika toleo hili tunataka kueleza jambo ambalo vikundi vingi vimeuliza: hizi kaunti, kaunti ndogo, wadi, kata na maeneo bunge ni nini hasa, na kila moja ina kazi gani? Wengine husema hayo ni mambo ya wanasiasa. Sivyo. Kikundi kisichojua kiko katika eneo gani, na nani anasimamia eneo hilo, kitaandika barua miaka mingi bila kupata jibu.

KISA CHA PAMPU

Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa na kisima cha pampu ya mkono. Pampu ikaharibika. Wakachanga pesa, fundi akaja, akasema chuma cha ndani kimeoza na kinahitaji kubadilishwa chote. Pesa hizo kikundi hakikuwa nazo. Akina mama wakarudi mtoni, na watoto wakaanza tena kuharisha kama zamani.

Mama mwenyekiti akaandika barua kwa chifu. Miezi mitatu ikapita. Akaandika ya pili. Halafu wakaenda kumwona wenyewe. Chifu akawapokea vizuri, akawaambia: "Mama, barua zenu ninazo hapa. Lakini mimi sina mfuko wa maji. Nilizipeleka mbele, na huko mbele pia si kwao."

Basi wakaenda kwa mwakilishi wa wadi. Yeye akauliza, "Kijiji chenu ni kipi?" Walipomwambia, akatikisa kichwa. "Ninyi si wa wadi yangu. Mko ng'ambo ya barabara. Ninyi ni wa wadi ya jirani."

Akina mama wakashangaa. "Lakini chifu wetu ni mmoja na hawa wa ng'ambo hii!"

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Chifu mmoja, wadi mbili. Karibu miaka miwili ilipotea kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba mpaka wa kata na mpaka wa wadi si mpaka mmoja.

KWA NINI NCHI HUGAWANYWA?

Mtu mwenye shamba kubwa hawezi kulilima lote kama kipande kimoja. Hapa atapanda mahindi, pale maharagwe, kule atafunga ng'ombe. Kila sehemu ina kazi yake na mtu wa kuiangalia. Nchi nayo ni hivyo. Serikali iliyoko mji mkuu haiwezi kujua ni daraja gani limebomoka katika kijiji chako. Kwa hiyo nchi hugawanywa, kila sehemu ikawekewa mtu au baraza la kuisimamia.

Lakini tukumbuke jambo moja, maana ndilo linalowachanganya wengi. Nchi haigawanywi mara moja tu. Hugawanywa kwa makusudi mbalimbali, na kila kusudi lina mipaka yake:

Kwanza, kuna mgawanyo wa utawala. Huu ni wa serikali ya taifa kufikisha sheria, usalama na maagizo yake hadi kijijini. Wakubwa wake huajiriwa au huteuliwa. Hatuwapigii kura.

Pili, kuna mgawanyo wa serikali za wananchi wa mahali, ambazo kwetu siku hizi ni kaunti. Hizi zina bajeti yake, baraza la kutunga sheria zake, na viongozi wanaochaguliwa.

Tatu, kuna mgawanyo wa uchaguzi. Huu ni wa kuhakikisha kwamba kila mbunge au mwakilishi anasimamia idadi ya watu isiyopishana sana na ya mwenzake.

Hata makanisa yana mipaka yake. Parokia moja inaweza kuingia katika kata tatu, na hakuna anayeshangaa. Basi tusishangae serikali nayo ikiwa na michoro zaidi ya mmoja juu ya ardhi ile ile.

TULIKOTOKA

Wazee wetu walikuwa na mipaka yao: mto, mlima, mti mkubwa, malisho ya ukoo. Uingereza ilipotangaza utawala wake hapa mwaka 1895, ilianza kuchora mipaka mipya ya mikoa na wilaya. Mwaka 1902 ikatoka sheria iliyoruhusu serikali kuteua wakuu wa vijiji. Kazi zao zilikuwa kama kutunza amani na kusafisha njia, na machifu wa kikoloni wakatumiwa pia kukusanya kodi ya nyumba. Kwa hiyo chifu wa serikali hakuanza kama mjumbe wa watu kwa serikali. Alianza kama mkono wa serikali kwa watu. Jambo hilo tulikumbuke, litatusaidia mbele.

Tulipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Katiba ya wakati huo iligawa nchi katika majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi, na kila jimbo likawa na baraza lake. Mpango huo haukudumu. Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, nguvu nyingi zilikuwa zimerudi Nairobi, na majimbo yakawa mikoa tu. Mikoa hiyo minane wengi wetu tuliikariri shuleni: Nairobi, Kati, Pwani, Mashariki, Kaskazini Mashariki, Nyanza, Bonde la Ufa na Magharibi.

Ngazi zikawa hivi: mkoa wa P.C., chini yake wilaya ya D.C., chini yake tarafa ya D.O., kisha kata au lokesheni ya chifu, na mwisho kata ndogo ya naibu wa chifu. Pembeni kulikuwa na kanju, yaani mabaraza ya miji na ya wilaya, yenye madiwani waliochaguliwa. Lakini mabaraza mengi yalikuwa na pesa kidogo, na Waziri huko Nairobi alikuwa na usemi mkubwa juu yao.

Mwaka 1983 serikali ilianza mpango wa kufanya wilaya kuwa kitovu cha maendeleo. Miradi ilipaswa kujadiliwa katika kamati ya maendeleo ya wilaya kabla ya kupelekwa juu. Wazo lilikuwa zuri. Lakini mwenyekiti wa kamati alikuwa D.C., na D.C. aliteuliwa kutoka juu. Mwananchi alitoa maoni, ila hakuwa na njia ya kumwondoa aliyeyapuuza.

Wakati huo wilaya nazo zikaanza kuzaana. Rais aliweza kutangaza wilaya mpya, hata katika mkutano wa hadhara, na watu wakapiga makofi. Kila wilaya ilimaanisha D.C. mpya, ofisi mpya na gari jipya. Haikumaanisha kila mara dawa katika zahanati. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilisema wilaya zilizoundwa nje ya sheria ya wilaya na mikoa ya 1992 hazikuwa halali.

KAUNTI 47 ZILITOKA WAPI?

Wananchi walipiga kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, na Katiba mpya ikatangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010. Katiba hiyo iliunda kaunti 47. Hazikuchorwa upya kutoka hewani. Zilifuata wilaya za ile sheria ya 1992. Ndiyo sababu mzee aliyezaliwa Kitui, Siaya au Lamu anasikia jina lile lile alilolizoea.

Mkoa wa Pwani wa zamani ulitoa kaunti 6, Kaskazini Mashariki 3, Mashariki 8, Kati 5, Bonde la Ufa 14, Magharibi 4, Nyanza 6, na Nairobi 1. Jumlisha utapata 47. Ukubwa wake haulingani. Katika hesabu ya watu ya 2019, Nairobi ilikuwa na watu karibu milioni 4.4, na Lamu ilikuwa na watu kama 144,000.

Serikali za kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Zile kanju za zamani zikafika mwisho. Kila kaunti ina gavana, mawaziri wake na bunge lake. Katiba inasema kaunti zote kwa pamoja zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, zikihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa. Mgao huo si hisani ya mtu. Ni haki iliyoandikwa.

Jambo lingine limebadilika. Leo hakuna mtu anayeweza kusimama kwenye jukwaa akatangaza kaunti mpya. Ili kubadilisha mpaka wa kaunti, lazima tume huru ipendekeze, na mabunge yote mawili, lile la Taifa na Seneti, yapitishe kwa wingi mkubwa wa wanachama. Lazima pia waangalie idadi ya watu, historia na utamaduni, gharama, na maoni ya watu wanaoishi hapo.

NGAZI MBILI KATIKA KIJIJI KIMOJA

Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo wengi hupotea. Mikoa ya zamani si serikali tena, lakini utawala wa serikali ya taifa haukuondoka. Ulibadilishwa majina. Kwa hiyo katika kijiji chako zinashuka ngazi mbili, kila moja na wenyewe.

Ngazi ya serikali ya taifa hushuka hivi: kamishna wa kaunti, naibu kamishna wa kaunti katika kaunti ndogo, kamishna msaidizi, kisha chifu katika kata, na naibu wa chifu katika kata ndogo. Mzee wa mtaa humsaidia huyu wa mwisho. Hao wote hawapigiwi kura.

Ngazi ya serikali ya kaunti hushuka hivi: gavana, kisha msimamizi wa kaunti ndogo, kisha msimamizi wa wadi. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inaruhusu pia kaunti kuweka msimamizi wa kijiji na baraza la kijiji. Ulizeni kama kaunti yenu imekwisha kufanya hivyo. Na upande wa kutunga sheria kuna mwakilishi wa wadi, yule tunayemwita MCA, ambaye tunampigia kura kila baada ya miaka 5.

Mmeona? Gavana si mkubwa wa chifu. Chifu si mkubwa wa MCA. Na neno "kaunti ndogo" hutumiwa na pande zote mbili. Kwa serikali ya kaunti, kaunti ndogo hufuata eneo bunge. Kwa serikali ya taifa, eneo bunge moja linaweza kuwa na kaunti ndogo zaidi ya moja. Ukiambiwa "nenda ofisi ya kaunti ndogo," uliza kwanza: "Ya kaunti au ya taifa?"

Kwa upande wa uchaguzi, nchi ina maeneo bunge 290 na wadi 1,450. Mipaka hii hupitiwa upya na tume ya uchaguzi na mipaka, katika muda wa kati ya miaka 8 na 12, ili ifuate wingi wa watu. Ndiyo maana wadi inaweza kukata kata ya chifu katikati, kama ilivyowapata akina mama wa pampu.

Wasomaji walio karibu na mpaka wa Tanzania wawe waangalifu kwa maneno. Huko "kata" ni eneo lenye diwani wa kuchaguliwa, yaani liko karibu na wadi yetu. Kwetu "kata" ni eneo la chifu. Neno ni moja, kazi ni tofauti.

NANI ANAFANYA NINI?

Orodha ya kazi imewekwa mwishoni mwa Katiba, katika Jedwali la Nne. Hapa tunaitoa kwa mifano ya kijijini. Bandikeni ukutani pale mnapokutania.

Pelekeni kwa serikali ya kaunti:
- Maji ya kijiji, visima na usafi.
- Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya kaunti na gari la wagonjwa.
- Shule ya chekechea na chuo cha ufundi cha kijiji.
- Ukulima, josho la ng'ombe, chanjo za mifugo, uvuvi.
- Barabara za kaunti, zile ndogo za kwenda shambani na sokoni.
- Masoko, leseni za biashara na vyama vya ushirika.

Pelekeni kwa serikali ya taifa:
- Usalama, wizi wa mifugo, polisi na mahakama.
- Shule za msingi na za sekondari, na walimu wake.
- Kitambulisho na cheti cha kuzaliwa.
- Barabara kuu za taifa.
- Hospitali kuu za rufaa za taifa.
- Kuandikisha kikundi chenu. Hii hufanywa katika ofisi ya maendeleo ya jamii, kufuatana na sheria ya vikundi vya jamii ya 2022.

Kuna shida ambazo zina pande mbili. Kwa mfano, uwanja mmoja unaweza kuwa na chekechea na shule ya msingi. Choo cha chekechea kikibomoka ni cha kaunti, cha shule ya msingi kikibomoka ni cha taifa. Mzazi haoni tofauti, lakini bajeti inaiona.

Na mbunge je? Kazi yake ni kutunga sheria za nchi na kukagua serikali ya taifa. Tangu 2003 kumekuwa na mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, na watu wengi wamezoea kumwomba mbunge kila kitu. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya mfuko huo ya 2015 haipatani na Katiba. Kwa hiyo msiweke mradi wenu wote juu ya mfuko huo kabla ya kuuliza hali ilivyo.

Je, chifu hana kazi tena? Anayo, tena kubwa. Baraza lake bado ndipo habari inaposikika, na barua yake ya kuwatambulisha bado inaheshimiwa. Mheshimuni na mfanye kazi naye. Lakini kumwomba pampu ni sawa na kumwomba mwalimu dawa ya malaria. Atawahurumia, ila dawa hana.

BARUA NZURI IKICHELEWA

Kujua ofisi ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kujua wakati. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Lakini mambo hupangwa mapema zaidi. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata lazima ufikishwe katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Makisio ya bajeti nayo hufikishwa kufikia tarehe 30 Aprili. Juu ya hayo yote kuna mpango mkubwa wa miaka 5 wa kaunti.

Sasa fikirini wenyewe. Kikundi kinachopeleka ombi mwezi wa Juni kimefika sokoni watu wakifunga. Anayetaka mradi wake uingie katika mwaka wa fedha unaofuata, aanze kusema kabla ya Septemba, kisha arudi kuulizia kabla ya Aprili.

Katiba inadai wananchi washirikishwe, na bunge la kaunti lazima lifanye kazi yake wazi. Kwa hiyo mikutano ya maoni huitwa. Tangazo likitoka, msimtume mtu mmoja tu. Nendeni wengi, semeni jambo moja, na hakikisheni limeandikwa. Maneno yasiyoandikwa hubaki pale pale uwanjani.

MAMBO MATANO YA KUFANYA

1. Jueni majina ya maeneo yenu: kaunti, eneo bunge, wadi, kata na kata ndogo. Yaandikeni katika ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kumbukumbu za kikundi.

2. Kama hamna uhakika wa wadi yenu, angalieni kituo mnachopigia kura. Kituo hicho kimeandikwa chini ya wadi yake.

3. Andikeni barua fupi: sisi ni nani, shida ni nini, inawaumiza watu wangapi, tumefanya nini wenyewe, na tunaomba nini.

4. Bakini na nakala. Ombeni ofisi igonge muhuri na tarehe juu ya nakala yenu.

5. Mkipata jibu la "hii si kazi yetu," msikasirike na kuondoka. Ulizeni: "Ni kazi ya nani, na ofisi yake iko wapi?" Andikeni jibu hilo.

AKINA MAMA WA PAMPU

Mwishowe akina mama wale walipata wadi yao. Walifika katika mkutano wa maoni wakiwa 19, kila mmoja na kitenge chake, na katibu akasimama akasoma barua. Hawakuomba visima vitatu kama wengine. Waliomba chuma kimoja cha pampu, na wakaonyesha risiti za pesa walizochanga wenyewe. Ombi likaandikwa katika mpango wa wadi.

Hatutawadanganya kwamba maji yalitoka siku ya pili yake. Tulipowatembelea mara ya mwisho walikuwa bado wanangoja bajeti ipitishwe, na mitungi ilikuwa bado inapanda kutoka mtoni. Lakini mama mwenyekiti alitufungulia kitabu, akatuonyesha nakala yenye muhuri na tarehe. Akasema: "Zamani tulikuwa tunangoja bila kujua tunamngoja nani. Sasa namjua, na ofisi yake naijua. Mwezi wa nne nitakuwa mlangoni pake."

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

- Kikundi chetu kiko katika wadi gani na kata gani? Je, wanachama wote ni wa wadi moja?
- Ni shida gani moja inayotusumbua zaidi mwaka huu? Ni ya kaunti au ya taifa?
- Barua yetu ya mwisho ilikwenda ofisi gani? Ilikuwa ofisi inayohusika?
- Nani kati yetu atafuatilia tangazo la mkutano wa maoni, na atatuletea habari namna gani?

Kila jibu lipewe mwanachama wa kulifuatilia, na jina lake liandikwe.